Matusi Halali ya Kila Asubuhi

Jumatatu, 11 Agosti 1975

Mke wangu Mwaka ameondoka tangu juzi. Amebeba mtoto, amebeba cherehani. Mwanamke akibeba nguo, amekwenda kutembea. Akibeba cherehani, amehama.

Yote kwa sababu ya birika. Naandika ukweli hapa kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Ijumaa niliuliza kijiko changu kiko wapi. Niliuliza kwa sauti. Hakuna aliyejibu, na birika likapita dirishani. Halikumgusa mtu! Liliangukia baiskeli ya katekista, na yeye mwenyewe hakuwa juu yake. Mwaka hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu: "Leo birika imepita mu dirisha. Siku ingine itapita mu kichwa ya mutoto." Kisha akaanza kukunja nguo. Kijiko kilikuwa mfukoni mwangu.

Leo asubuhi umekuja ujumbe wa mama mkwe kutoka Kafutuma. Na nani kauleta? Bwalya! Bwalya anauza samaki wa moshi kwenye meza iliyo karibu na yangu, anaimbisha kwaya, na hajawahi kukasirika tangu azaliwe. Miaka tisa Mwaka ananiambia, mtazame Bwalya. Nimemtazama. Simpendi.

Ujumbe wenyewe: Jumapili baada ya misa ukoo utakaa. Mjomba wa Mwaka anakuja kutoka migodini, Mufulira. Kwao mjomba, yaani kaka wa mama, ndiye mwenye neno la mwisho. Baba anakaa kando na kukohoa. Mjomba huyu sijawahi kumwona. Siku ya harusi yetu alikuwa chini ya ardhi, akatuma blanketi. Hata jina lake silijui, maana wakwe hawatajwi majina. Nyumbani anaitwa Yama tu, ndiyo mjomba kwa Kibemba.

Nikimaliza siku sita, leo mpaka Jumamosi, bila kugombana na mtu yeyote, Mwaka na mtoto wetu Colette wanarudi. Nikigombana hata mara moja, Yama anawapandisha basi, wanakwenda kuishi Mufulira. Mufulira! Mtoto wangu atakua anamwita mtu mwingine baba. Na shahidi wa siku sita ni Bwalya.

Alinieleza hayo akiwa amenishika bega, akiniita baba wa Colette kwa lugha ya hapa. "Bashi-Colette, miye nitasema tu kile nitaona." Nikahesabu mpaka kumi. Nilihesabu kwa Kifaransa, inaisha haraka.

Mchana nikaenda kiliniki. Sista Febby alinifunga mpira mkononi, akaupuliza, akausikiliza, akaupuliza tena, akaita mwenzake aje asikilize. Akasema mishipa yangu inagonga vibaya. Nitembee polepole. Nile polepole. Nimwache mtu amalize kusema. Nivute pumzi kabla ya kujibu. Nikauliza dawa iko wapi. Akasema ndiyo hiyo. Nilipanga mstari saa mbili ili niambiwe nipumue!

Siku ya kwanza imeisha. Sikugombana na mtu. Lakini pia sikuongea na mtu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimetembea polepole. Sitarudia.

Mitumbwi hufika alfajiri, na hapa Nchelenge anayetaka samaki hasubiri mtumbwi uguse mchanga. Wanawake wanafunga vitenge juu ya magoti, wanaume wanakunja suruali, wote wanaingia majini wakikimbia, anayeshika kapu kwanza ndiye mwenye kapu. Mimi nilikuja hatua moja, pumzi moja, hatua moja, pumzi moja. Watu walinipisha wakidhani ninaumwa mguu. Nilipofika majini vilibaki vidagaa na kambare mmoja aliyekatwa mkia. Bwalya alikuwa na makapu matatu. Na hakukimbia! Wavuvi wanampelekea wenyewe, eti kwa sababu hawagombezi.

Hasira ilipanda kutoka magotini. Ikafika kifuani, ikafika shingoni. Bwalya ananitazama, shahidi kabisa, macho mawili. Nikatabasamu. Taya liliniuma mpaka saa nne.

Hapo ndipo nilipomwona yule mzee. Amekaa juu ya mtumbwi wa mvuvi Mulenga uliogeuzwa, mikono magotini, anatazama ziwa na kuvuta hewa. Hafanyi kitu kingine. Anavuta, anatoa. Nikamuuliza Bwalya huyo ni nani. "Ule? Njo ndugu ya Mulenga. Anaitwa Kapembwa. Baba yabo moya."

Ndugu wa Mulenga! Moyo wangu ukaruka.

Niandike kwa nini. Mulenga ni wa ukoo wa Mbuzi. Mimi, kwa upande wa mama yangu wa Kilwa, ile ya ng'ambo ya ziwa, Zaire, ni wa ukoo wa Chui. Na pande zote mbili za ziwa hili Chui na Mbuzi ni watani, banungwe. Chui alimla mbuzi zamani, basi leo tunatukanana. Naweza kumwambia Mulenga lolote, hata msibani, hata mbele ya padri, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye aibu. Hayo si magomvi. Ni mila! Bwalya mwenyewe hawezi kuyahesabu.

Mulenga yuko visiwani na nyavu zake mpaka mwisho wa mwezi. Lakini Mungu ameleta ndugu yake.

Nikaenda moja kwa moja. Nikamwambia: Mbuzi mzee, nani amekufungua kamba? Babu zangu walikula babu zako bila chumvi, na wewe unakaa hapa kungoja zamu? Ndevu hizo umeazima au umeota mwenyewe? Nikaendelea muda wa kuvuta sigara nzima. Nilimtukana kwa ajili ya samaki, kwa ajili ya Bwalya, kwa ajili ya Sista Febby na mpira wake.

Mzee alinitazama kwa makini. Akauliza kama mimi ndiye Bashi-Colette. Nikasema ndiye. Akasema, "Aa. Bon." Akarudi kutazama ziwa.

Bwalya aliona yote. Nikamuuliza, je, hayo ni magomvi? Akafikiri, akasema hapana, na banungwe si magomvi. Nilirudi mezani mwepesi kabisa. Nikampunguzia bei mama mmoja bila kuombwa.

Jumatano, 13 Agosti

Mpango ni mzuri kuliko mipango yangu yote. Nampongeza Sébastien, ndiye mimi.

Utaratibu ni huu. Hasira ikija, siijibu. Naibeba kama yai mpaka kwenye mtumbwi wa Mulenga, ni hatua hamsini. Namtukana Kapembwa. Narudi nikiwa mtakatifu. Leo nimekwenda mara nne.

Safari ya tatu ilikuwa ya bukari, ugali wetu. Tunakula wafanyabiashara wanne katika sahani moja, mboga katikati. Sista alisema kula polepole, kutafuna kila tonge mara thelathini. Nilifika mara kumi na tisa, nikainua macho. Mchuzi umeisha. Samaki ameisha. Kuna mwiba mmoja, na Bwalya anausogeza upande wangu kwa wema. Wema! Niliinuka bila neno. Kapembwa alisikia habari za mama aliyemzaa, za meno yake, na za mbuzi wote waliowahi kula mihogo ya watu tangu enzi za mfalme Kazembe.

Anapokea vizuri, sina la kumlaumu. Lakini harudishi matusi, na mtani mwema hurudisha. Mulenga hunirudishia mpaka nachoka. Huyu anangoja nimalize kabisa, anavuta pumzi, kisha ananiuliza jambo dogo. Asubuhi aliuliza mtoto wangu ana miaka mingapi. Mchana aliuliza kama mke wangu anapika vizuri. Nikasema anapika vizuri sana. Nikasema pia kwamba huimba akishona, wimbo mmoja tu, na huwa nimechoka nao. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Tangu Jumamosi nautafuta wimbo huo kichwani na siupati.

Nimemuuliza anafanya nini hapa siku nzima. "Ninavuta mupepo. Kule chini ya udongo hakuna mupepo, iko vumbi tu." Kumbe naye ni wa migodini. Nusu ya wanaume wa mkoa huu wa Luapula wamepita huko.

Siku tatu zimebaki.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku mbaya. Siku mbaya sana.

Mama mmoja wa Mwansabombwe alikuja mezani. Akachukua samaki wangu, akamvunja, akamnusa. Akamrudisha. Akachukua mwingine, akavunja. Wa tano alimvunja huku akiniambia kwamba kwa Bwalya wanavunjika vizuri zaidi. Nilimwacha amalize kusema. Nilivuta pumzi. Nilihesabu kwa Kifaransa, nikahesabu kwa Kiluba, nikamaliza namba. Mkono wangu ulikuwa umeshika jiwe la mizani. Sikuwa nimeuambia ulishike! Bwalya aliacha kuimba. Soko zima liligeuka. Nikaona basi la Mufulira, nikamwona Colette dirishani, nikaweka jiwe chini na kuanza kutembea.

Hatua hamsini zilikuwa nyingi. Hamsini nzima nilikuwa nikisaga meno.

Kapembwa alipata yote. Nilimwambia mbuzi mwenye mapafu mabovu angechinjwa mapema. Nilimwambia anavuta hewa ya bure inayostahili wanaofanya kazi. Alikohoa kidogo. Kikohozi kilichukua muda. Kisha akaniuliza polepole: "Na ku nyumba, unatukanaka nani?"

Nikasema nyumbani hakuna mtu, na ndiyo taabu yenyewe. Nikakaa karibu naye juu ya mtumbwi. Nikamweleza kila kitu: birika, siku sita, Bwalya, kikao. Nikamweleza na mpango wangu, maana fundi anapenda kazi yake ionekane. Kwamba nimewazunguka wakwe wote. Kwamba yule Yama wa Mufulira ni fuko aliyezoea giza, atatoka shimoni Jumapili akipepesa macho, ataambiwa mkwe wake ametulia, atakubali, atarudi shimoni. Mzee alicheka! Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika tumbo. Nilimpiga mgongoni. Nadhani tumekuwa marafiki.

Aliuliza swali moja tu, kama Mwaka akirudi nitafanyaje hasira ikija. Nikamwambia tutavuka mto tukiufikia.

Ijumaa, 15 Agosti

Kapembwa hayupo!

Nilifika alfajiri na mzigo kamili wa hasira, maana baiskeli ilikuwa imepasuka tairi. Mtumbwi mtupu. Nimezunguka nyumba ya Mulenga mara mbili. Mlango umefungwa kwa kamba. Nani amemruhusu kuondoka?

Kutwa nzima nimekaa na hasira yangu mapajani. Upepo umemwaga mchanga juu ya samaki. Sikusema kitu. Mtu wa vibali amesema karatasi yangu ya kukaa Zambia ina jina moja, na kule ng'ambo, Zaire, serikali imefuta majina ya Kizungu, kwa hiyo mimi ni nani hasa? Sikusema kitu. Kisha Bwalya akaona sina samaki wazuri, akaniletea nusu ya kapu lake, akaliweka mezani kwangu, akasema tugawane, Mungu ametoa.

Nilikaribia kumpiga. Naandika wazi. Mtu amenipa samaki, na nilitaka kumpiga.

Nikaenda ziwani. Niliingia mpaka kifuani na nguo zangu, nikatia kichwa ndani, nikapiga kelele. Maji hayashtaki mtu. Nilipiga kelele mara tano. Nilipoinuka ya tano, wanawake waliokuwa wakifua walikuwa wamesimama wima wote, na mmoja alikuwa ameanza sala. Bwalya alikuja mbio akiwa amevua viatu. Akauliza kama ninajibatiza upya. Nikamwambia ndiyo. Akafurahi sana, akasema ataniombea.

Nyumbani sikupika. Nilikaa kitandani upande wa Mwaka. Nina hofu. Hapa hakuna wa kumdanganya: nina hofu kubwa. Nikimpoteza mwanamke yule, sitapata mwingine, na hata nikipata, hatakuwa yeye.

Jumamosi, 16 Agosti

Amerudi! Mbuzi amerudi!

Amekaa palepale, anavuta, anatoa. Nikamuuliza alikwenda wapi bila kuaga. Akasema alikwenda Kafutuma kumsalimia dada yake. Dada yake naye anakaa Kafutuma! Dunia ndogo.

Nilimtukana matusi ya siku mbili. Yalikuwa mazuri kuliko yote, watu walikusanyika. Mvuvi mmoja aliomba nirudie lile tusi la mkia. Kapembwa alisubiri mpaka mwisho, akauliza kama nimebakiza. Nikasema nimekwisha. Akasema, "Pole, mutoto yangu." Mbuzi kumwita chui mtoto! Huo ndio utani sasa. Nikaona ameanza kujifunza.

Nikamwalika aje anipongeze baada ya kikao. Akasema Jumapili naye atakuwa na shughuli.

Jua limezama. Siku sita. Hakuna ugomvi hata mmoja. Bwalya alinishika mikono yote miwili, akasema anaona fahari. Machozi yalikuwa machoni mwake. Nikahesabu, un, deux, dix.

Nimepiga pasi shati jeupe. Nimefagia nyumba. Nimeweka vijiko vyote mahali ambapo mtu kipofu atavipata.

Jumapili, 17 Agosti

Nitaandika polepole ili nisivunje kalamu.

Nilifika Kafutuma na Bwalya, kila mtu na baiskeli yake. Niliketi kwenye mkeka karibu na mlango, mbali na mama mkwe, macho chini, kama inavyotakiwa. Yeye alikuwa upande wa pili amejitanda kitenge, hatazamani nami, ndiyo heshima. Mwaka alikuwa nyuma yake. Alikuwa amekonda. Colette alichungulia kutoka chumbani, akanipungia vidole viwili.

Bwalya alisimama kutoa ushahidi. Alisema kweli tupu. Siku sita, hakuna ugomvi. Alieleza mama wa Mwansabombwe na samaki watano, na wazee wakashangaa. Alieleza ziwa, wakasema amina. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa chini ya kitenge. Nikaona Mwaka ananitazama, na mdomo wake umelegea kidogo upande mmoja, vile hulegea akitaka kusamehe. Nilikuwa nimeshinda! Nasema tena, nilikuwa nimeshinda. Ilibaki Yama tu aingie na kukubali.

Mlangoni pakaingia giza. Akaingia Kapembwa.

Wanawake wakapiga magoti, wakapiga makofi polepole. Nikafikiri wanamheshimu mgeni kwa sababu ya mvi. Nikafikiri amekuja kunipongeza kama nilivyomwalika. Nikafikiri, na hili ndilo linaniua, kwamba sasa wakwe wote wataona jinsi nilivyo mtu wa mila, mtu wa furaha. Nikasimama. Nikanyoosha kidole. Nikasema kwa sauti ya soko: "Nani ameacha mbuzi huyu aingie mu nyumba ya watu? Mufungie kamba inje, atakula mukeka! Ndevu zake zinanuka mpaka Chienge!" Nikaongeza lile la mkia. Lote.

Hakuna aliyecheka.

Mama mkwe alivuta kitenge akafunika uso mzima. Bwalya alifumba macho. Niliona midomo yake inahesabu.

Mzee aliketi kwenye kiti cha katikati, kiti ambacho kilikuwa kitupu tangu tulipofika. Akavuta pumzi. Akaitoa. Akasema: "Miye njo Yama wa Mwaka."

Nikasema haiwezekani, yeye ni Mbuzi, yeye ni ndugu wa Mulenga, baba mmoja. Akaitikia, ndiyo, baba mmoja. Mama wawili. Mama wa Mulenga ni Mbuzi. Mama yake yeye ni wa ukoo wa Uyoga, sawa na mama mkwe, sawa na Mwaka. Hapa mtoto ni wa ukoo wa mama, kila mtu anajua, mtoto wa miaka minne anajua. Baba yangu alikuwa Muluba, kwao mtoto ni wa baba. Miaka tisa naishi hapa, naitwa Chui kwa ajili ya mama yangu mwenyewe, na bado sikufikiri kuuliza mama wa mtu!

Watu wa Uyoga. Wanachipuka bila kelele.

Kwa hiyo siku zote zile nilimtukana mjomba wa mke wangu. Mama aliyemzaa, niliyemtaja Jumatano, ni bibi yake Mwaka. Mkwe kwa mkwe, matusi ambayo hata adui hapewi. Nilipiga magoti, kisha nililala kifudifudi. Hapo nilisikia mtu anacheka. Alikuwa Mwaka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na mimi kule chini moyo ukapona, nikasema, akicheka, atarudi.

Yama akaongea. Alisema matusi ameyasamehe, kukosea ukoo ni ujinga, na ujinga si dhambi. Alikuja mapema kuona mkwe wake kwa macho, bila kupangiwa, na alikuwa tayari kumwacha Mwaka arudi kwangu. Lakini ameona jambo lingine. "Huyu hakutua muzigo. Alitafuta tu mutu ingine wa kuubeba. Siku zote hizi kichwa yangu njo ilikuwa kata yake ya kubebea. Miye nikienda, nani atabeba?" Akamtazama Mwaka. Akamtazama Colette pale mlangoni. Hakuhitaji kuongeza neno.

Uamuzi: wanakwenda naye Jumanne. Mpaka mvua ziishe. Baada ya hapo atatuma mtu aje kunitazama, na hatasema ni nani.

Nilirudi na Bwalya. Njia nzima hakuimba, alisema tu kwamba naye alimjua mzee kwa upande wa baba. Ningeshukuru kama angeimba.

Jumanne, 19 Agosti

Basi limeondoka saa moja asubuhi. Nilifunga cherehani mwenyewe juu ya paa, kamba tatu, na fundo la wavuvi. Kondakta alisema inatosha. Nikafunga ya nne.

Nilimwambia Mwaka kwamba Jumapili nilimsikia akicheka. Akasema, "Nilicheka juu ya kulia nimechoka." Kulia kumemchosha, ndiyo maana akacheka. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, hasira naijua. Colette aliuliza kama huko Mufulira kuna ziwa. Yama akamwambia hakuna. Akampakata.

Mzee alinipa mkono dirishani. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini nilikuwa nimeufikiri usiku kucha na ulikuwa mrefu, na dereva akatia gea.

Nyumba imetulia, vile vile Sista Febby alivyotaka. Hakuna sauti. Nilikaa nayo dakika kumi, nikatoka nje nikasimama barabarani.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimefikiri vizuri, na kosa lote ni la baba yake Mulenga. Mtu akioa wake wawili wa koo mbili, aweke alama kwa watoto. Ningemwambia mwenyewe, ila amekufa.

Mpango haukuwa mbaya. Nasema hivyo bila hasira, mapigo yakiwa sawa. Mpango ulikuwa mzuri, mtu ndiye hakuwa sahihi. Siku sita sikugombana na yeyote, shahidi yupo! Kilichokosekana ni uchunguzi.

Bwalya alikuja na chai. Akasema anaweza kuwa anakaa nami kila asubuhi kidogo, tutazame ziwa tu, bila kusema, hata Yama hufanya hivyo na humsaidia. Akasema anajua ni vigumu, na yeye alijifunza baada ya mwaka mzima, maana ujana wake alikuwa mkali kunishinda. Bwalya, mkali! Mtu ana uongo wa kila aina. Nikamshukuru na kumwambia nina shughuli.

Shughuli ni hii. Kuna fundi wa nyavu amefika kutoka Chienge, anakaa miezi minane, mpaka mvua ziishe kabisa. Mnene, mpole, masikio makubwa. Nimemwuliza ukoo. Mbuzi. Nikamwuliza ukoo wa mama yake. Mbuzi. Wa bibi yake mzaa mama. Mbuzi. Nikamwuliza kama ana dada aliyeolewa popote kwenye wilaya hii, kama ana jamaa Mufulira, kama amewahi kuona mgodi hata kwa mbali. Hana. Akaniuliza kwa nini nauliza hayo yote. Nikamwambia kesho asubuhi ataelewa.